Fungu la Mtu wa Pili

Mama yake Nilkantha Regmi alifariki mvua za kwanza zilipoanza, na mpaka mto Kaligandaki unageuka rangi ya tope, Nilkantha alikuwa bado hajatoa chozi. Watu wa Baglung, mji wake wa milimani, waliliona hilo, kwa sababu watu wa Baglung huona kila kitu isipokuwa madeni yao wenyewe. Walimwona akipita sokoni na kofia nyeupe, shati jeupe, suruali nyeupe na viatu vyeupe vya kitambaa, maana aliyefiwa na mzazi havai ngozi ya mnyama mwaka mzima, wakanong'onezana kwamba nguo za msiba amevaa, ila msiba wenyewe ameuacha nyumbani.

Hawakukosea sana. Nilkantha alikuwa amekufa ganzi. Si kwamba alijikaza kiume. Hapakuwa na kitu cha kukikaza. Aliamka alfajiri, akaoga maji ya baridi kama desturi inavyotaka, akala alichopikiwa na mkewe bila mkono mwingine kukigusa, akaenda kazini. Maziwa aliyaacha, kwani anayemwombolezea mama haonji maziwa mpaka mwaka ugeuke. Na huyu alikuwa mtu wa chai ya maziwa tangu utotoni. Alipoiacha alingoja imuume, angalau hiyo, na haikumuuma. Chai ya rangi ilishuka kooni kama maji ya mfereji.

Kazi yake ilikuwa kupima ardhi. Ofisi ya Injinia Karki, ghorofani juu ya duka la masufuria, ilikuwa na wapimaji wawili tu, yeye na Jhakbahadur Thapa, na kila mmoja alishika chombo chake kama fundi nguo anavyoshika cherehani yake. Chombo ni kile cha miguu mitatu chenye jicho la kioo. Unakisimamisha mahali panapojulikana, unapima pembe na umbali hadi mahali pengine, unahamia huko, unapima tena, unauzunguka mlima mzima, na mwisho lazima urudi pale pale ulipoanzia. Usiporudi, umbo halijafungwa, na vipimo vyote ulivyochukua ni porojo.

Hapo ndipo msiba ulipomkuta. Alikuwa mgongoni mwa mlima, umbo limebakiza pembe chache lifungwe, kaka yake akampigia simu kwamba mama hali chakula.

"Anaongea?" Nilkantha akauliza.

"Anaongea."

"Basi nipe siku mbili nifunge nije."

Hapakuwa na wa kumwachia chombo. Jhakbahadur alikuwa upande wa pili wa wilaya, na katika bajeti ya kazi ile hakuwekwa mtu wa pili. Mama hakumpa siku mbili. Alipofika, moto wa kuuchoma mwili ulikuwa umeshawashwa na kaka yake, na kwao moto wa mama huwashwa na kitinda mimba, na kitinda mimba alikuwa yeye. Majivu yalikuwa yamekwenda na mto. Wakamnyoa kichwa, wakamvisha nyeupe, wakamkalisha kwenye majani makavu. Umbo lake, tuseme ukweli, lilikuwa limefungwa vizuri sana. Kosa halikuzidi upana wa kidole.

Sasa, mtu wa nguo nyeupe hawezi kwenda kambini. Kambini mpishi ni yeyote aliyepatikana, sufuria ni moja, na anayetaka kujipikia peke yake atapima saa ngapi? Injinia Karki hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa faida na hasara. Akamwita Nilkantha ofisini kwake, akafunga mlango.

"Msiba wako nauheshimu," akasema. "Lakini niambie wewe mwenyewe, mpima asiyepanda mlima nimfanye nini? Nimtundike ukutani pamoja na kalenda?"

"Sijui, bosi."

"Kaa na dada Keshari akufundishe kuandika bajeti. Kazi ya Simaltari inakuja, ile ya kuwapimia viwanja vipya waliofukiwa nyumba na maporomoko. Ukiiandikia bajeti na kata ikaikubali, meza ni yako mpaka mwaka wako uishe. Wakiikataa, utabeba chombo, utakula kambini, na hizo nyeupe utazivua. Au utafute mlango mwingine."

"Sawa, bosi."

"Sawa tu?"

"Sawa, bosi."

Karki alimtazama kama anavyotazamwa ng'ombe aliyekataa majani. Lakini Nilkantha alikuwa ameelewa vizuri. Moto hakumwashia mama. Machozi hayakuja. Kilichobaki cha kumpa kilikuwa mwaka huu mmoja mweupe, utimie bila doa, na hata huo sasa ulikuwa umefungwa kwenye karatasi za hesabu. Alilijua hilo kwa akili, jinsi mtu anavyoijua namba yake ya simu.

Dada Keshari Shrestha alikuwa mhasibu, Mnewari wa pale pale sokoni, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, aliyekwisha kuzika mume mmoja na mabosi wawili. Hakuwa na huruma ya maneno. Nilkantha alimpelekea bajeti yake ya kwanza, ukurasa mmoja, akiwa na uhakika kwamba mtu aliyepima nusu ya wilaya hawezi kushindwa na jedwali la kompyuta. Keshari akavaa miwani, akasoma, akavua.

"Nyumbu wa mizigo wanakula, nimeona," akasema. "Mpishi analipwa. Gari lipo. Betri zipo, mawe ya mpaka yapo. Mpima yuko wapi?"

"Mpima si sisi?"

"Nyinyi mnakula upepo?"

"Tuna mshahara mwisho wa mwezi, dada."

"Na posho ya mlimani? Viatu? Siku unazongoja ukungu ufunguke? Hapa kote umeandika sifuri."

"Hivyo ni bure."

Keshari akalisukuma bakuli lake la njugu pembeni, dalili kwamba sasa anasema jambo la maana. "Sikiliza, mdogo wangu. Kwenye bajeti hakuna bure. Ukiona sifuri, ujue kuna mtu analipa na hakuulizwa. Rudia."

Hiyo ndiyo ilikuwa hitilafu yake, na tusimcheke peke yake, kwa sababu ni hitilafu ya watu wa milimani wote. Muulize mtu wa huko kijiji kiko mbali kiasi gani, atakwambia hapo tu, na utatembea mpaka magoti yalie. Muulize mzigo ni mzito, atasema si mzito, huku kamba imemkata paji la uso. Nyumbu atampangia bei bila kukosea hata rupia moja. Yeye mwenyewe haoni kama ana bei.

Akarudia. Akarudia tena. Keshari alimfundisha kwa namna yake: afumbe macho, aende kazini akiwa amekaa kitini. "Umeamka. Nani kawasha moto? Kuni kanunua nani? Umefika mtoni, daraja lipo? Halipo, sasa?" Nilkantha alifumba macho akatembea. Aliona barafu ya asubuhi inavyoua betri kabla ya saa za kazi, akaongeza betri. Aliona nyumbu akiteleza. Aliona mawe ya mpaka yamefika kijijini na hakuna anayekubali kushika jembe.

"Kwa nini hawashiki?" Keshari akauliza.

"Kuna siku udongo hauchimbwi. Ukichimba, mvua ya mawe inapiga mazao, au mlima unashuka. Watu wa vijiji vile wanaushika sana mwiko huo. Na hawa mlima umekwisha kuwashukia. Hawatachimba hata uwape dhahabu."

Keshari, ambaye udongo aliujua kwenye vyungu vya maua tu, akavua miwani. "Hilo mimi nisingelijua hata kidogo. Nani alikufundisha?"

"Mama," akasema Nilkantha, akaandika siku zile kwenye safu yake, moja moja, kama mtu anayepanga vitunguu. Keshari alimwangalia uso. Hapakuwa na kitu.

Jhakbahadur alikuwa akipita ofisini kila aliposhuka kutoka kazini, na matope yake, na kelele zake. Alikuwa Mmagar mfupi, mpana, asiyeweza kukaa kimya hata hekaluni.

"Mjane wetu wa nguo nyeupe anaendeleaje?" akauliza siku moja, akichota njugu za Keshari bila ruhusa. "Kalamu haijakukata vidole?"

"Toa mkono kwenye bakuli," Keshari akasema. "Na hiyo mikono umeipitisha wapi?"

"Kwenye mgongo wa nyumbu wako, dada. Yule uliyemwandikia posho kubwa kuliko yangu." Akainama kwenye kompyuta ya Nilkantha. "Ehe, tuone. Chumvi, kamba, dawa ya kuhara. Mmefikiria kuhara, nashukuru. Mtu akiugua, je? Umeandika nini?"

"Hajaandika," Keshari akasema.

"Hatuugui," Nilkantha akasema.

"Na nyumbani kwenu wakiugua?"

Ni Keshari aliyeuliza. Chini, dukani, mtu alikuwa akigonga sufuria kujaribu kama ina ufa. Nilkantha aliisikiliza ile sauti mpaka ikakoma, kisha akafungua safu mpya, akaandika: mtu wa pili wa kushika chombo. Akaweka gharama yake, mpima wa kukodi kutoka mji jirani wa Beni, nauli, posho, siku za kukaa tayari.

Jhakbahadur akacheka. "Wa nini huyo? Mimi baba yangu wa chuma. Yule atatuzika sote, na wewe dada na miwani yako."

Alipoondoka, Nilkantha akauliza bila kugeuka, "Kazi ile ya mwezi wa mvua. Bajeti yake uliandika wewe?"

"Mimi."

"Mtu wa pili hukumweka."

"Nilimweka." Keshari hakupunguza sauti wala hakuipandisha. "Bosi akaona ni pesa nyingi, akasema waulizwe wapimaji wenyewe kama wanamhitaji. Jhakbahadur akaja kukuuliza. Mlijibu nini?"

Akakumbuka. Walikuwa wamekaa kwenye bodi ya gari wanakula mahindi ya kuchoma, na Jhakbahadur akasema, eti ofisini wanauliza kama tunataka yaya. Na yeye Nilkantha akacheka, akasema yaya wapelekewe wapimaji wa bondeni, sisi tumezaliwa huku. Basi. Bajeti ikaandikwa sifuri. Alikaa na kumbukumbu hiyo jioni nzima akingoja imchome, maana ilistahili kuchoma, na ikakaa tu mkononi kama jiwe la mtoni. Mkewe alimwona anatafuna wali bila kuusindikiza na dengu, akamsogezea dengu.

Kabla ya sikukuu ya Dashaini wakaenda Simaltari, yeye na Karki, kuitetea bajeti mbele ya kata. Waliofukiwa nyumba walikuwa bado wanaishi chini ya mabati kando ya barabara, msimu wa pili sasa, na kila mmoja alitaka kujua ni lini atapewa kipande chake apande hata mchicha. Mwenyekiti wa kata, mama Dilmaya Pun, alikuwa mwalimu mstaafu aliyeshika kalamu nyekundu kama bado ana madaftari ya kusahihisha. Alikuwa na laki kumi na mbili za rupia na hakuna mtu wa kumwongezea. Bajeti ya Nilkantha ilikuwa laki kumi na tatu kasoro kidogo.

"Wapimaji wenzenu wa Pokhara wameleta ya laki kumi," akasema.

"Rahisi ni ghali, mama," Karki akasema, akijipangusa shingo.

"Ghali pia ni ghali." Akaanza kupita mstari kwa mstari. Betri akaziacha, alijua baridi ya kwao. Alipofika kwenye siku za udongo usiochimbwa akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Nani ameandika hizi?"

"Mimi," Nilkantha akasema.

"Wa Pokhara hawakuziandika." Akaziacha. Posho akapunguza kidogo, nyumbu akamwondoa mmoja, na watu wa kijiji wakajitolea kubeba mawe ya mpaka kwa msaragambo, hilo nalo likashusha. Kisha kalamu nyekundu ikasimama. "Na huyu mtu wa pili wa kushika chombo? Wa kwanza ana mkono mmoja?"

"Huyo tunamtoa," Karki akasema haraka. "Huyo ni tahadhari tu. Tukimtoa tunaingia kwenye laki zako kumi na mbili, mama, na kazi inaanza."

Meza ilikuwa imepatikana. Kalamu ilikuwa tayari hewani. Nilkantha alikuwa na nguo zake nyeupe, alikuwa na mwaka wake, hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza, na kunyamaza ndiko alikokuwa bingwa miezi yote ile.

"Hatoki," akasema.

Karki akamgeukia. "Nilkantha."

"Mpima akiitwa nyumbani, lazima aende. Bila huyu haendi. Atasema siku mbili nifunge."

Mama Dilmaya aliangalia kofia nyeupe, viatu vyeupe vya kitambaa. Alikuwa mtu mzima, hakuuliza. "Nimekusikia, baba. Lakini pesa sina. Nikikulipia huyu, kuna familia mbili zinakosa mawe ya mpaka. Nichague nani?"

Nilkantha alifumba macho, kama alivyofundishwa, akatembea bajeti nzima kutoka mwanzo hadi mwisho akitafuta mafungu ya ziada ya kukata. Hayakuwepo. Keshari alikuwa amemfundisha vizuri mno. Akafumbua.

"Toa pesa, acha mstari," akasema. "Andika jina. Regmi. Gharama, sifuri."

"Regmi gani?"

"Mimi."

Karki akamshika kiwiko, akamnong'oneza kwa hasira ya mtu anayeogopa. "Wewe una akili? Jhakbahadur akiitwa, wewe ndiye utakayepanda. Utakula chungu cha kambi. Mwaka wako utakuwa umeuvunja mwenyewe. Si ndicho ulichokuwa unakitaka, hiki?"

"Ndicho."

"Sasa?"

"Sasa nimeulizwa, bosi."

Karki hakuelewa, maana siku ya somo la sifuri hakuwepo. Mama Dilmaya akaandika jina, akapiga muhuri. Njiani kurudi, kwenye maduka ya machungwa, Karki alisema tu kwamba bei imepanda.

Dashaini ikapita, Nilkantha hakupaka rangi nyekundu ya baraka kwenye paji la uso wala hakwenda kwa mtu. Sikukuu ya Tihari nayo ikapita. Jhakbahadur akapanda Simaltari na watu wake, na Nilkantha akabaki mezani, anaandika bajeti za wengine. Meza ilikuwa yake. Alikunywa chai yake ya rangi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, lakini hawakusema wako mwenyewe unakuwaje kama mabega yamekufa ganzi. Unakuwa si kitu.

Baridi ilipokaza, simu ikalia asubuhi, Keshari anamenya chungwa.

"Nilkantha kaka," akasema Jhakbahadur, na kutokana na huko kuitwa kaka Nilkantha akajua kuna jambo. "Huko baridi vipi?"

"Ipo. Huko?"

"Ipo. Umbo linakwenda vizuri. Nimeshapita robo tatu." Akakohoa. "Baba ana kifua kidogo. Dada yangu amepiga. Kidogo tu. Siku mbili tatu nitakuwa nimefunga, halafu nishuke nimwone."

Nilkantha alikuwa amesimama na hakujua amesimama lini.

"Anaongea?" akauliza.

"Anaongea."

"Usifunge. Simamisha chombo ulipofika, weka alama. Kesho asubuhi niko hapo."

"Wee, na nguo zako? Na chakula? Acha wazimu. Nimekwambia anaongea."

"Jhake. Na wangu alikuwa anaongea."

"Haya," Jhakbahadur akasema, kwa sauti ndogo.

Keshari alikuwa ameshaweka chungwa chini. Hakumzuia. Alichofanya ni kumfungia mchele wa kupondwa mkavu kwenye mfuko, ule usiohitaji moto, ili walau usiku wa njiani asile cha mtu. "Wa kambini utaula," akasema. "Huwezi kupima na kupika. Usijidanganye."

"Najua, dada."

Gari likamfikisha mwisho wa barabara, akalala hapo, alfajiri akapanda. Jhakbahadur alikuwa amesimama kando ya chombo na mfuko wake mgongoni, macho mekundu. Akavua koti lake nene, akamvalisha Nilkantha juu ya zile nyeupe.

"Baba akisikia nimeacha kazi ataniua," akasema.

"Nenda akuue."

Akashuka mbio, mawe yakimporomokea miguuni.

Nilkantha aliinama kwenye kioo. Mikono ilikumbuka yenyewe. Alipima, akahama, akapima. Mchana msichana wa mpishi akapandisha chakula kutoka kwenye chungu cha wote, na yeye, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakuja na pembe haziwezi kungoja, alikula kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika daftari. Wali uliopikwa na mtu asiyemjua jina wala ukoo. Mwaka mweupe uliishia hapo, kwenye tonge la tatu au la nne, wala hakuhesabu. Alingoja mbingu zimwangukie. Zilikaa mahali pake. Akaendelea.

Alasiri simu ikatetemeka kwenye mfuko wa koti. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda na upepo.

"Nimewahi," Jhakbahadur akasema. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Nilkantha, nimewahi, bwana."

"Yuko vipi?"

"Ananitukana. Tangu nimeingia. Anasema nani kakuita, mwili wangu au wako, mtu mzima unaacha kazi ya serikali kwa ajili ya mafua. Amekula sahani mbili. Mbili, Nilkantha. Anasema niondoke, nimemjazia nyumba matope. Msikie, msikie."

Na simu ikasogezwa, na Nilkantha, mgongoni mwa mlima, akasikia sauti ya mzee aliye mbali, kavu, inayokoroma kifua, yenye hasira na yenye uhai mwingi, ikiuliza hilo jambazi linaongea na nani. Kisha upepo ukageuka na mtandao ukakatika.

Akaweka simu mfukoni. Akainama kwenye kioo kuendelea na pembe, na ile nguzo ya mbele aliyokuwa akiilenga ilikuwa imepotea, ukungu mtupu. Akapangusa kioo kwa pindo la shati. Akainama tena. Ukungu ule ule. Akapangusa tena, na ndipo alipoona kwamba kioo ni kikavu.

Mpishi wa kambi, mama mmoja Mgurung aliyeitwa Phulmati, alikuwa anapanda na birika. Hakuwa amemkaribia tangu afike. Akamimina bilauri, akampa, na mvuke ukapanda, na harufu yake ikamfikia Nilkantha kabla hajaona rangi. Ilikuwa ya maziwa, nzito, ya maziwa ya nyati wa kufugwa. Alishika bilauri kwa mikono miwili na hakuinyanyua.

"Kunywa, baba, itapoa," Phulmati akasema.

"Maziwa sinywi," akasema. "Mama yangu amekufa."

Hakuwa amewahi kulisema. Miezi yote ile walikuwa wamelisema wengine, kuhani, kaka yake, bosi, watu wa sokoni. Yeye alikuwa anaitikia tu. Sasa maneno yalipotoka yakamvuta na vyote vilivyokuwa nyuma yake, akakaa chini kwenye majani ya baridi karibu na miguu mitatu ya chombo, akalia kwa sauti, kinywa wazi, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Chai ikamwagika kwenye viatu vyeupe.

Phulmati alikuwa ameona ncha nyeupe za suruali chini ya lile koti, akajua amefiwa, ila alidhani ni baba, ambaye kwa ajili yake mtu huacha mtindi tu. Lakini kilio hiki hakikuwa cha msiba wa zamani. Alikijua kilio cha aina hii. Ni cha mtu aliyeletewa habari. Aliona simu ikining'inia nusu nje ya mfuko, akachuchumaa, akamwekea mkono mgongoni.

"Pole, baba," akasema. "Pole sana. Umeambiwa lini?"

Nilkantha alijaribu kuvuta pumzi, akashindwa, akajaribu tena.

"Sasa hivi," akasema.